Mama wa Kambo Hana Pembe

Jumanne, 5 Agosti

“Mama wa kambo si mama, na hadithi iliyobadilishwa si hadithi.” Maneno ya Théodore, fundi cherehani kutoka Bukavu, jioni hii, mbele ya kamati nzima, pini zikiwa bado mdomoni. Upuuzi! Nusu ya kwanza ni methali, na methali ni uvivu wa kufikiri uliovishwa kanzu. Nusu ya pili ni uongo. Hadithi gani haikubadilishwa? Bibi yake aliibadilisha. Bibi wa bibi yake aliibadilisha. Yeye mwenyewe ameitia kwaya mbili na ubatizo mmoja, halafu anatazama watu usoni na kusema hajaigusa!

Niandike kwa utaratibu, kwa ajili ya historia. Jumuiya yetu ya wasemaji wa Kiswahili ina darasa la watoto kila Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa, ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa benki zamani, katikati ya jiji. Watoto wetu wamezaliwa hapahapa Johannesburg. Ukiwaita kwa Kiswahili wanasikia, wakijibu ni Kiingereza au Kizulu. Kamati inataka kitabu kimoja cha kuwasomea mwaka mzima. Vimejitokeza viwili. Vyote ni riwaya za watoto, na vyote vinaisimulia upya hadithi ileile kongwe: binti, mama wa kambo, karamu ya mfalme, kiatu kimoja. Cha Théodore kinaitwa *Kiatu na Machozi*. Mwishoni mama wa kambo anatupwa shimoni kwa nyoka, watu wanaimba. Changu kinaitwa *Utetezi wa Mama wa Kambo*. Mwishoni kila mtu anamwomba radhi, kwa zamu.

Mimi ni mama wa kambo. Nalisema wazi, nisije nikaambiwa nilificha. Muhammad aliponioa alikuwa na Shufaa, ambaye sasa ana miaka kumi. Mama yake mzazi yuko Muscat kazini. Mtoto ananiita Anti Mayasa. Sijalalamika. Kurasa zangu mia mbili nimeziandika kwa sababu nyingine kabisa.

Mwenyekiti wetu, Mama Victorine, msusi wa Hillbrow, ameamua hivi: Jumamosi ya wiki ijayo, saa nane mchana, kila mwandishi asome sura yake ya kwanza, watoto wachague wenyewe. Watoto! Nimeuliza tangu lini kuku akateua mpishi. Mama Victorine amesema, “Bana, kikao kimefungwa.”

Maharage yameungua nilipokuwa nikiandika haya. Shufaa amezima jiko bila idhini yangu. Ana tabia hiyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefungua vita ya kalamu. Nimenunua laini mpya ya simu, nimejiunga na kundi la WhatsApp la jumuiya kwa jina la Msomaji Huru, nimeandika tahakiki ya *Kiatu na Machozi*. Fupi. Yenye sumu. Naiweka hapa yote, maana ni kazi nzuri: “Kitabu hiki kitamkosesha mtoto wako usingizi. Ukifika ukurasa wa pili hutaamini macho yako. Katika maisha yangu ya kusoma sijapata kuona mwandishi wa namna hii.”

Nikakaa kusubiri machozi yake.

Jioni Théodore ameweka picha ya jalada jipya. Sentensi zangu zote tatu zipo pale chini ya jina lake, kwa herufi za dhahabu! Akamshukuru Msomaji Huru, popote alipo, Mungu ambariki yeye na uzao wake. Wazazi wakamiminika kumpongeza. Mmoja akauliza kama Msomaji Huru anaweza kukisoma na cha Maman Mayasa pia, amsaidie kidogo.

Muhammad alikuwa ametoka tu kazini, bado amevaa sare yake ya ulinzi. Alisoma, akacheka hadi akaegemea friji. Akasema anaitambua ile “katika maisha yangu ya kusoma”, huwa anaisikia kila chumvi ikizidi kwenye mchuzi.

Nimeitupa laini.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya Wanawake ya hapa Afrika Kusini. Siku njema ya kupigania mwanamke mmoja aliyesingiziwa kwa karne nyingi.

Mbinu mpya: vitumbua. Nimeamka alfajiri, nimekaanga beseni zima, nimelipeleka darasani. Si hongo. Hongo haina masharti ya kielimu. Mimi niliweka sharti: kitumbua kwa kila mtoto atakayenitajia dhuluma moja aliyotendewa mama wa kambo.

Mwisho akanyoosha mkono Gradi, mwana wa dada yake Théodore, kichwa kikubwa, jino moja halipo. Akaniuliza: Anti, kama huyo mama hakuwa mbaya, kwa nini hakumnunulia yule dada kiatu tangu mwanzo? Nikamwambia ni swali zuri na nina majibu sita. Nilipofika jibu la nne vitumbua vilikuwa vimepoa na watoto walikuwa wamevizunguka kama nzi. Théodore akawaambia, “Batoto, mushukuru Maman Mayasa, mukule.” Wakashukuru, wakala. Wamshukuru nani? Walimtazama yeye! Naye akala vinne, akasema nina mkono mzuri, nisiuharibu kwa kalamu.

Nilitumia nafasi hiyo kujaribu ukurasa wangu wa kwanza. Unaanza hivi: “Kabla ya kumhukumu mtu yeyote, msomaji mpendwa, yatupasa kwanza kuchunguza chimbuko la chuki yenyewe.” Mtoto mmoja alilala. Mtoto halali mbele ya mtu asiyemwamini. Nimeihesabu kuwa kura.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepata! Nimepata! Asante, Théodore, adui yangu mpendwa!

Alikuja kwenye meza yangu ya viungo, pale kando ya Joubert Park, kununua iliki. Upepo wa Agosti unapuliza vumbi, bizari inaruka, kila mtu anapiga chafya. Alikuwa na uso wa wasiwasi. Kura ya mpangilio imepigwa, yeye atasoma kwanza, na ile saa nane mchana haimpi amani. Kwao hadithi hazisimuliwi jua likiwaka. “Maman, nilipokuwa mutoto, ukisimulia hadisi muchana, mama yako anapotea njia ya kurudi nyumbani. Hiyo si muchezo.” Nikakumbuka: bibi yangu Pangani naye alikataza. Kwetu adhabu ilikuwa kuota mkia. Niliwahi kujipapasa nyuma wiki nzima.

Shufaa alikuwa ameketi kwenye ndoo akifanya hesabu za shule. Akadakia bila kuinua kichwa: wenzake Wazulu shuleni wanasema ukisimulia mchana unaota pembe. Mbili. Hapa na hapa.

Basi makabila matatu, adhabu tatu, katazo moja. Na Théodore atasoma hadithi saa nane mchana, jua likiwaka kwenye madirisha makubwa ya benki ya zamani!

Mpango wenyewe huu hapa. Kwanza: watoto wakumbushwe habari za pembe, kwa upole. Watamsikiliza Théodore huku wameshika vichwa. Pili: zamu yangu ikifika, nauletea ukumbi usiku. Plastiki nyeusi madirisha yote. Giza totoro saa tisa mchana! Watoto watapumua, watakaa kitako, watanisikiliza mimi, mwandishi pekee anayeheshimu mila.

Ndiyo, naujua msimamo wangu. Nimeandika makala tatu dhidi ya ushirikina, mojawapo ilinigombanisha na familia nzima ya Muhammad. Sirudi nyuma hata hatua moja. Lakini mtu asiyeamini mvua haruhusiwi kuuza miavuli?

Wali umeungua. Kidogo.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemtaka Shufaa awakumbushe wenzake darasani habari za pembe. Akaniuliza: “Anti, kwani ni kweli?” Nikasema hapana, bila shaka si kweli, sisi nyumba hii ni watu wa vitabu. Akauliza sasa kwa nini awaambie. Nikasema hiyo ndiyo fasihi. Akasema eish.

Nikaamua kuifanya kazi mwenyewe. Nikaenda saluni kwa Mama Victorine, ambako mama sita walikuwa wakisukwa kwa wakati mmoja na hakuna aliyeweza kukimbia. Nikaidondosha habari kama mtu anayeikumbuka tu. Pembe. Mchana. Jamaa wa jamaa yangu kule Tanga. Walionyesha kupuuza. Nikaondoka nimevunjika moyo.

Kumbe imeshika moto! Saa kumi Mama Victorine amenipigia, sauti juu. Mama watatu wanasema hawaleti watoto kabisa. Mmoja anataka mchungaji aje na maji. “Mama Shufaa, nani anatembeza haya maneno?” Nikasema ujinga ni ugonjwa wa kutisha katika jamii yetu. Tena nikamkumbusha, kwa mara nyingine, kwamba mimi si Mama Shufaa. Mimi ni mama wa kambo wa Shufaa. Watu walitaje jina hilo lote, wazi, bila aibu, hadi masikio yalizoee. Akasema, “Jina refu namna hiyo, mama yangu, simu itaisha chaji.”

Ikabidi nirudi saluni mbiombio kupunguza moto. Bila watoto hakuna kura! Nikawaeleza mama wale kwamba nimechunguza zaidi, na pembe zinawapata wanaomsikiliza msomaji wa kwanza tu. Wa pili hana madhara. Mmoja, nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama, akauliza na msomaji wa pili ni nani. Nikasema sikumbuki.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya maandalizi. Bunda la plastiki nyeusi, ile ya mafundi ujenzi, na gundi ya utepe. Muhammad, siku yake ya mapumziko, juu ya ngazi. Nimemtaka azibane pazia zote juu, tuziteremshe kwa kamba zamu yangu ikifika. Ameifanya kazi safi. Mwanamume huyu, mpe ngazi, ni malaika.

Akiwa kule juu aliniuliza jambo. Kitu kuhusu taa, au miwani yangu, na nitafanyaje. Sikusikia vizuri. Nilikuwa nikihamisha koma moja katika ukurasa wa tisa, na ilikataa kukaa. Nikamwambia yote yamefikiriwa. Akasema haya.

Jioni nimesoma sura yote ya kwanza kwa sauti, kama ninavyofanya kila jioni tangu Aprili nikipika. Majirani wamegonga ukuta, kama wanavyofanya kila jioni tangu Aprili. Shufaa alikuwa mezani, midomo inacheza. Nikamwambia asitafune ninaposoma. Akasema hatafuni kitu. Nikamwambia basi asitafune hewa.

Nimemwuliza kesho atapiga kura upande gani. Swali la kawaida, la kitakwimu. Akasema ataona. Ataona! Anakula wali wangu, halafu ataona.

Amelalia mkono wake palepale mezani. Nimemfunika na shuka langu la baridi, maana Agosti hii haina huruma. Nimeona niandike kwamba shuka ni langu.

Jumamosi, 16 Agosti

Fedheha. Ushindi. Fedheha. Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye kofia.

Watoto walikuja wote, kumbe woga unaita watu kuliko vitumbua. Walikaa mikeka ya mbele, mikono vichwani. Théodore akasimama na mfuko mkubwa wa plastiki. Sikuujali. Akasema, “Batoto, nasikia kuna maneno ya pembe.” Mikono ikabana vichwa. “Mimi ni fundi. Pembe ni kitu ya kufunika tu.” Akaumwaga mfuko. Kofia! Kofia ndogondogo za vitenge, za vipande vilivyobaki dukani kwake, nyekundu, bluu, za michoro ya ndege, ya funguo, ya feni, kila moja na shada la uzi juu. Ameshona juma zima! Kila mtoto akapata yake. Pembe ikitoka, akasema, itakutana na kofia na itaona aibu. Ukumbi ukalipuka. Mama waliotaka mchungaji wakaanza kupiga picha.

Nilikuwa nimemshonea jeneza, yeye akalikata akatengeneza kofia.

Akasoma. Niwe mkweli: anasoma vibaya, anakwama, anafuta pua. Lakini watoto walisikiliza, wamevaa kofia, wameng’aa kama sokoni. Mama wa kambo alipotokea wakazomea. Niliinuka kupinga. Mama Victorine akanionyesha kiti kwa kitana.

Zamu yangu. Nikapanda jukwaani. Nikampa Muhammad ishara. Kamba zikavutwa, plastiki ikashuka, usiku ukaingia saa tisa mchana. Watoto wakasema “Aaah!” kwa sauti moja. Kitu kizuri ajabu. Nikavaa miwani. Nikafungua ukurasa wa kwanza.

Sikuona chochote.

Sikuona ukurasa. Sikuona mkono wangu. Kutoka nyuma, gizani, sauti ya Muhammad, taratibu, ya upendo: “Mke wangu, ndicho nilichokuuliza jana.”

Nikaomba taa ya simu. Watoto wakapiga kelele: hapana, taa ni mchana, pembe! Nikaomba mshumaa. Mama Victorine akasema kanisani humu mshumaa haukaribii plastiki. Basi nikajaribu kwa kichwa. Mimi niliyeiandika! “Kabla ya kumhukumu mtu yeyote, msomaji mpendwa, yatupasa kwanza...” Yatupasa nini? Yatupasa nini? Nimeirekebisha sentensi hiyo mara nyingi hata sijui ilipoishia. Mtu akacheka. Mwingine. Nikasikia sauti ya Théodore, wala si ya kejeli, hilo ndilo baya: “Maman, pole pole. Simulia tu.” Kusimulia! Mimi ni mwandishi!

Ndipo kwenye mikeka sauti ndogo ikasema, “Hadithi, hadithi!”

Gizani, watoto wote: “Hadithi njoo!”

Ilikuwa Shufaa. Kwa Kiswahili. Mtoto ambaye nyumbani ukimwuliza kwa Kiswahili kama amekula anakujibu kwa Kizulu “yebo”.

Alisimulia hivi, nami naandika kwa malalamiko. Hapo kale, Hillbrow, ghorofa ya kumi na nne, lifti imekufa, aliishi binti mmoja na baba yake mlinzi na mama wa kambo. Huyo mama hakuwa mbaya. Pia hakuwa mzuri sana. Alikuwa bize. Alikuwa akimwandikia mfalme barua kumwambia kwamba mama wa kambo si wabaya. Barua ikawa ndefu, ikafika mlangoni, ikateremka ngazi, ikavuka robot, zile taa za barabarani, na gari zikaisubiri. Na kila alipoandika, chungu kiliungua. Na kila kilipoungua, binti alizima jiko. (Kicheko. Kicheko kikubwa. Muhammad alicheka kuliko wote, namjua.)

Mfalme akafanya karamu. Mama wa kambo akasema tutaenda sote, ngojeni nimalize sentensi. Karamu ikaisha. Nikasema kutoka jukwaani kwamba hiyo haimo kabisa katika sura ya kwanza. Watoto wakaniambia shhh! Mimi!

Mfalme mwenyewe akaja na kiatu, akapanda ghorofa zote kumi na nne, akafika akihema, ulimi nje. Ilikuwa ndala. Ndala moja, ya kushoto, iliyopatikana ngazini. Akasema ambaye itamwenea aje kuishi ikulu. Mama wa kambo akasema kabla ya mtu yeyote kuvaa, Mtukufu Mfalme, kuna hoja sita. Alipofika ya nne mfalme alikuwa amelala kwenye kochi. Binti akajaribu ile ndala. Kubwa! Akaitazama vizuri. Ilikuwa ya mama wa kambo, ilimvuka mguuni alipokwenda mbio shuleni siku binti alipougua, na hakurudi kuiokota, na mpaka leo anatembea na moja akidhani nyingine iko chini ya kitanda.

Sikujua kama alikuwa ameona. Ile ndala kweli sijaipata.

Mfalme akaamka, akamwambia binti njoo tu ikulu, kiatu tutanunua. Binti akasema, “Asante, Mfalme, sharp, poa. Lakini nikienda, nani atazima jiko?”

Hapo upepo ukaipiga plastiki. Utepe ukaachia, pazia la kwanza likaanguka, la pili, jua lote la Agosti likaingia kwa mkupuo. Mayowe! Watoto wakashika kofia zao. Nami nilikuwa pale juu, kichwa wazi, miwani puani, kitabu kimefunguliwa mkononi. Kitabu kilikuwa juu chini.

Mama Victorine, akifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akamwuliza Shufaa hadithi hiyo ni ya nani. Akasema, “Ni ya Mama. Mi nimeirekebisha kidogo tu.”

Kura: watoto waliambiwa wasimame nyuma ya mwandishi wanayemtaka. Wote walikwenda nyuma ya Shufaa, na Gradi wa kwanza. Théodore naye akaenda. Mtu mzima!

Kamati ikanong’ona mahali pale pale. Uamuzi: kitabu cha darasa kiwe changu, nikikubali kukiandika upya kama mtoto alivyosimulia. Théodore atashona majalada ya kitenge. Kila kisomo, madirisha wazi, kofia kichwani. Nikasema nitatoa jibu langu. Mama Victorine akasema jibu gani, mama, umeshinda!

Théodore alinishika mkono mlangoni, akanipa kofia ya mwisho. Ya funguo. Alikuwa ameikata kubwa makusudi. “Maman, vaa. Ikitoka, itajificha.” Nimeivaa hadi nyumbani kwa sababu ya baridi.

Muhammad njia nzima alikuwa akipangusa macho, akisema vumbi. Nimemwambia anunue miwani.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimelala nalo siku mbili. Akili imetulia. Nimeona wazi.

Nimeibiwa. Si na Théodore, yeye ni fundi wa kofia tu. Nimeibiwa na hadithi yenyewe, ambayo imejipenyeza ndani ya utetezi wangu na kuugeuza kichekesho. Hoja sita zimekuwa mfalme analala! Leo asubuhi nimempelekea Mama Victorine jibu: nitakiandika upya alivyosimulia mtoto, kwa sharti kwamba kabla yake uwepo utangulizi wa kurasa arobaini, na baada yake majibu yangu kwa kila kosa la binti. Amejibu kwa picha ndogo ya mwanamke aliyejifunika uso. Sijui maana yake. Nachukulia amekubali.

Suala la pili ni zito zaidi. Tangu Jumamosi Shufaa haniiti Anti tena. Jana asubuhi: “Mama, chai.” Jioni: “Mama, funguo ziko wapi?” Leo akitoka kwenda shule, mlangoni, mfuko begani, kofia ya ndege kichwani: “Mama, usisahau jiko.” Hivyo tu. Mama. Kavu. Kana kwamba hakuna karne za dhuluma, hakuna kurasa mia mbili, hakuna mimi!

Nikamwita arudi. Nikamweleza kwa upole kwamba neno kamili ni mama wa kambo, kwamba nimepigana kwa ajili ya yale maneno mawili ya nyuma, kwamba akiyaacha leo, adui atasema kesho yalikuwa ya aibu. Akanitazama. Akasema, “Sharp, Mama,” akashuka ngazi. Nikasikia anacheka hadi ghorofa ya tisa.

Muhammad ameniambia Mayasa, tafadhali, hili moja liache. Sijawahi kuacha hata moja!

Hivyo naandika tangazo, litabandikwa kesho kwenye nguzo zote kuanzia Joubert Park hadi juu Hillbrow. Nakala ya kwanza hii hapa, nitaimaliza nikishatazama hii harufu inatoka wapi.

Mama wa kambo wote wa mji huu! Nyinyi wa saluni, wa meza za barabarani, wa ghorofa zisizo na lifti! Siku mtoto wa mumeo atakapokuita “Mama”, hivihivi, bila nyongeza, usilegee, usitokwe na machozi, wala usigeuke kutafuta leso. Mrudishe mlangoni. Mwambie aanze upya, na aseme lote!